Vitufe Visivyo na Majina

Fundi wa cherehani katika karakana ile ya kushona sare alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, na alikuwa haoni. Washonaji walimwita Sikio. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini, aliposimama mlangoni, mashine sitini zikinguruma kwa pamoja, akasema, "Ile ya tatu kutoka dirishani, bobini yake inagonga." Mtu akaenda kuangalia akidhani ni mzaha. Ilikuwa inagonga.

Macho yalianza kumwacha akiwa na miaka kumi na tisa, na kabla hajafika ishirini na mbili yalikuwa yamekwenda kabisa. Baba yake, ambaye naye alikuwa fundi wa cherehani, hakumpa pole nyingi. Alimwekea mezani cherehani mbovu, akamwambia aifungue yote, kila skrubu aiweke mahali atakapopakumbuka, kisha aifunge tena. Ilimchukua siku nne. Siku ya tano ikashona. Tangu hapo hakuuliza tena atafanya kazi gani duniani.

Pale karakanani alikuwa na meza yake karibu na mlango wa stoo. Bisibisi zilipangwa kwa urefu juu ya kipande cha kitambaa cha jinzi, na ole wake atakayezigusa. Mshonaji mwenye shida alipaza sauti tu: "Sikio, mstari wa pili, mashine ya saba!" Naye huinuka, akafuata mstari akipitisha kiganja juu ya meza, akihesabu. Akifika, huweka mkono juu ya kichwa cha mashine na kumwambia mshonaji akanyage pedeli. Mshono haujafika mwisho wa kitambaa, yeye ameshajua kama sindano imepinda, uzi umekazwa mno, au mkanda wa mota umelegea. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili.

Kisha uongozi ukagawa simu.

Hazikuwa simu za majina yanayojulikana. Mfumo wake ulikuwa umetengenezwa na kikundi kidogo cha watu wa kujitolea, waliotawanyika huku na huku, na muuza simu wa mtaani kwao alipoulizwa alikiri kwamba ndiyo kwanza anausikia. Uongozi uliupenda kwa sababu simu ziliweza kufungwa zikabaki na programu moja tu, ya kazi. Kuanzia Jumatatu hakuna kuitana kwa kelele. Mshonaji atapiga picha mashine yake, ataandika tatizo, na fundi atabonyeza "Pokea". Akimaliza kazi atabonyeza "Imekamilika". Basi.

Sikio hakuwa mgeni wa simu. Ile yake ya nyumbani, ya mfumo wa kawaida, ilikuwa na programu ya kusoma skrini, ikimsomea kila alichogusa kwa kasi ambayo mumewe aliifananisha na mnadi anayekimbilia basi. Kwa hiyo aliibeba simu mpya nyumbani bila wasiwasi. Mumewe, mwoka mikate ambaye kazi yake humalizika mchana, alikaa nayo jikoni akaipekua mipangilio yote. Msomaji wa skrini alikuwemo, ila amefichwa ndani ya "Mengineyo", halafu ndani ya "Majaribio". Akamwasha. Sikio akapitisha kidole juu ya kioo.

"Kitufe," simu ikasema. "Kitufe. Picha. Kitufe. Kitufe."

"Inasemaje?" mumewe akauliza.

"Inaniambia kuna vitufe."

"Vitufe gani?"

"Hapo ndipo elimu yake ilipoishia."

Walijaribu kukariri mahali pa kila kitufe, mume akitazama na mke akipapasa. Jumatatu ikapita salama. Lakini programu ile ilikuwa na tabia ya kusogeza vitu pindi picha zinapofika, na Jumatano Sikio alibonyeza "Imekamilika" kwenye mashine tano ambazo hakuwa amezigusa. Washonaji watano wakakaa mikono mapajani nusu siku, wakingoja fundi ambaye simu ilidai ameshapita.

Msimamizi akamwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa mambo yaende.

"Dada Sikio, kaa."

"Nitasimama tu, bosi."

"Kuna nafasi kule kwenye kukata nyuzi. Kazi nyepesi, unakaa, hakuna simu. Nimefikiria kwa wema."

"Nakushukuru. Kuna mashine niliyoitengeneza ikarudi na tatizo lilelile?"

Msimamizi akafikiri. "Hapana. Sikumbuki."

"Basi kilichoharibika ni simu. Na mimi ni fundi. Nipe mwezi mmoja."

"Simu si cherehani, dada."

"Hata cherehani niliyopewa mara ya kwanza haikuwa cherehani, bosi. Ilikuwa mzigo wa vyuma."

Msimamizi alicheka kwa pua, akakubali. Kwa mwezi huo watu wangeendelea kumwita kwa sauti, na yeye mwenyewe angembonyezea simu. Sikio alitoka akiwa amenyoosha mgongo. Ila alipofika kwenye korido alisimama kidogo, bega ukutani, mpaka joto la masikio lilipopoa. Kukata nyuzi. Baada ya miaka yote ile.

Jumamosi alikaa na simu yake ya zamani akatafuta anwani ya wale watengenezaji wa mfumo, akawaandikia. Baba yake alikuwa amemfundisha jambo moja kuhusu wateja: anayesema "mashine mbovu" hajakusaidia kitu. Sema umefanya nini, mashine ikafanya nini, na ulitaka ifanye nini. Hivyo ndivyo alivyoandika. Kila kosa alilipa namba, na mwisho wa barua yalikuwa makosa arobaini na moja. La kwanza kabisa: msomaji akinyamaza ghafla, asiyeona hana njia ya kumwamsha.

Jumanne simu ikaita. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya taratibu, mmoja wa wale wa kujitolea, ambaye ndani ya kikundi ndiye aliyeshughulikia Kiswahili.

"Shikamoo, mama. Nimeisoma barua yako mara mbili. Naona aibu."

"Marahaba. Aibu haina haja. Huyu msomaji alimweka nani?"

"Mwenzetu mmoja, ambaye alishaondoka. Tangu aondoke hakuna aliyetuandikia kulalamika, tukadhani mambo ni shwari."

"Mlimjaribu vipi?"

"Tulimwasha, tukagusa, akaongea."

"Mkiwa mnaitazama skrini?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kata simu. Jifunge kitambaa machoni, halafu nipigie kwa simu yenye mfumo wenu huo."

Akasema ni suala la dakika tano. Ilipita saa nzima ndipo alipopiga.

"Mama, nimempigia mama mkwe," akasema. "Mara mbili. Ile ya kwanza tumeongea dakika ishirini, maana nilishindwa kumwambia kwamba nimekosea namba."

Sikio alicheka mpaka akalazimika kuketi. Alipotulia, yule mtengenezaji programu hakuwa na mzaha tena. Akamwomba waanze na kosa namba moja.

Ndivyo walivyofanya kazi wiki tatu. Kila baada ya siku mbili tatu alituma toleo jipya, na Sikio akalijaribu alasiri, mezani, chai ikipoa. Hakumdekeza. "Namba kumi na nne haijapona," alimwambia. "Namba tisa imepona, lakini umeiamsha namba thelathini." Yule kijana, kama alivyomwita, ingawa alikuwa na watoto wawili shuleni, aliguna, akarudi akarekebisha.

Kosa lililowasumbua zaidi halikuwa la vitufe. Washonaji waliandika kwa Kiswahili, na sauti ya simu haikukijua vizuri. Mashine ikikataa kuachia kitambaa, mshonaji huandika "imeng'ang'ania". Simu ilisoma: "imeng, alama ya nukuu, ang, alama ya nukuu, ania". Mara ya kwanza Sikio alidhani ni ujumbe wa siri wa polisi.

"Kile kialama si nukuu," alimweleza. "Ni sehemu ya herufi. Ukikitoa, ng'oa inakuwa ngoa. Mimi nikiambiwa ning'oe sindano, nataka kung'oa sindano."

"Mama, hilo ni letu sisi wenye lugha. Wenzangu hawataliona."

"Ndiyo maana wewe upo huko."

Alikaa siku tano kuiandika upya kanuni ile. Siku ya sita simu ikatamka "imeng'ang'ania" vizuri kabisa, kama mtu aliyezaliwa nayo, na Sikio akamfanya mumewe aache kukanda unga aje asikilize.

Ikabaki programu ya kazi yenyewe. Hiyo ilikuwa ya kampuni nyingine, ambayo iliandikiwa mara tatu na haikujibu. Vitufe vyake havikuwa na majina, na wao hawakuwa na ruhusa ya kuviandikia. Yule kijana akaja na wazo: kama mwenye programu hataki kutaja vitufe vyake, mtumiaji avitaje mwenyewe. Gusa kitufe, shikilia, sema jina, na mfumo utalikumbuka hata kitufe kikihama. Mume wa Sikio alisoma skrini mara moja, taratibu, na mke akavibatiza vitufe vyote tisa. "Pokea." "Imekamilika." "Rudi." Kimoja, ambacho kilifuta orodha nzima ya kazi bila hata kuuliza, alikiita "Usiguse hiki".

Mwezi ulipokaribia kuisha alikwenda kwa msimamizi. "Kesho waambie watu wasiniite. Waandike."

"Kesho tunamalizia mzigo wa sare za hospitali, dada. Mashine zote zinafanya kazi."

"Hiyo ndiyo siku nzuri ya kupima."

Asubuhi ile alitia simu kwenye mfuko wa aproni na kisikizi kidogo katika sikio la kushoto. La kulia aliliachia mashine. Hazikupita dakika kumi. "Mstari wa nne, mashine ya kumi na moja," simu ikanong'ona. "Imeng'ang'ania kitambaa." Akabonyeza, simu ikajibu "Pokea", akaenda. Meno ya kusukuma kitambaa yalikuwa yamejaa vumbi la pamba. Akayasafisha, akamwambia mshonaji akanyage, akasikiliza, akabonyeza "Imekamilika".

Kufikia saa ya chakula alikuwa amemaliza kazi kumi na saba. Mara moja mshonaji wa mstari wa kwanza alisahau, akaita kwa sauti, na wenzake wakamgeukia wote kwa pamoja wakimwambia andika. Saa nane mchana msomaji alinyamaza kabisa. Sikio aliganda, mkono mfukoni. Kisha akabonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, kama walivyokubaliana kwenye kosa namba moja, akangoja. "Msomaji wa skrini amewashwa," simu ikasema, na akaendelea na safari yake ya mstari wa tatu.

Jioni, makatoni ya hospitali yakifungwa, msimamizi alikuja akasimama nyuma yake. Alimjua kwa viatu.

"Ile nafasi ya kukata nyuzi," akasema, "nimempa mtu mwingine."

"Umefanya vizuri, bosi. Nipishe kidogo, umesimama juu ya mkanda wangu wa mota."

Baada ya hapo wale watengenezaji walimwomba awe mjaribu wao. Alikubali kwa sharti moja: toleo lolote lisitoke mpaka yeye alipitishe, kama ambavyo mashine haitoki mezani kwake kabla haijashona mbele yake. Wengine kwenye kikundi waliona sharti hilo ni zito. Mwezi wa pili akazuia toleo kwa wiki mbili kwa sababu saa ya kengele ilikuwa haisomeki. Waliteta, wakamwandikia barua ndefu za kumbembeleza, yeye akajibu kwa neno moja: bado. Wakatengeneza.

Majina aliyovipa vitufe husambazwa sasa kwa kila anayetumia mfumo ule na kusikiliza badala ya kutazama. Kikundi kilimwomba abadilishe lile la "Usiguse hiki", wakipendekeza "Futa yote". Akawaambia la kwao linaeleza kitufe kinafanya nini, lakini la kwake linaeleza wewe ufanye nini. Likabaki.

Siku moja mchana, akiwa nyumbani, alipigiwa na mwanamume asiyemjua, mkutubi wa chuo fulani, naye asiyeona.

"Samahani, mama. Nimepewa namba yako na wale wa mfumo. Wewe ndiye uliyevitaja vitufe?"

"Ni mimi. Kipi kinakusumbua?"

"Hakuna kinachonisumbua. Nilitaka nikwambie kwamba leo nimejaza mwenyewe fomu zangu za kazi kwenye programu ileile, ambayo chuo chetu nacho kinaitumia, bila kumwita mtu."

Sikio alivuta kiti, akaiweka simu yake nyingine mezani. Halafu akamuuliza anatumia toleo gani, kama ukurasa wa betri unamsomea asilimia au unamtajia picha tu, maana yeye unamtajia picha, na bado hajawaacha wale watu wapumzike. Mkutubi akasema ngoja aangalie. Akaangalia. Naye anatajiwa picha.

"Vizuri," Sikio akasema. "Sasa tuko wawili. Niambie ulifanya nini, ikafanya nini, na ulitaka ifanye nini. Taratibu, ninaandika."