Siku Gurudumu la Kushoto Lilipogoma

Barua niliyoitia sahihi ilikuwa na mistari michache tu. Iliuomba uongozi wa hospitali uwe unatusafirisha na rubani mwenye uzoefu, na kila aliyeisoma alijua anayesemwa ni nani. Wakati huo tulikuwa na marubani wawili. Mmoja alikuwa mzee wa mvi, aliyeanza kurusha ndege kabla mwenzake hajazaliwa, na sote tulimwita Babu. Mwenzake alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, na alikuwa na mwaka mmoja tu tangu aajiriwe.

Mimi ni mkunga, mzaliwa wa Kinampanda, na hospitali yetu ya misheni iko huku huku Iramba. Kila mwezi tulipanda ndege ndogo kwenda kutoa huduma ya mkoba kwenye vijiji vya ndani, upande wa Itigi. Mimi nilipima wajawazito na kuchanja watoto, na daktari wetu wa macho alitazama macho ya wazee.

Huyo daktari ndiye aliyeandika barua. Si mtu mbaya. Ana watoto wanne, na ndege alikuwa anaiogopa hata siku ambazo Babu ndiye anaiendesha. Alinikuta nakunywa chai kwenye chumba cha wauguzi, akaniwekea karatasi mezani, akasema nisome kwanza. Niliipitisha macho tu. Sikuwa na ugomvi na yule binti. Alikuwa akiniamkia kila tunapokutana, na boksi la chanjo alinipokea bila kuombwa. Lakini kulikuwa na kitu kilichokuwa kinanitia mashaka. Kabla ya kuruka, na tena kabla ya kutua, alikuwa anashika kadi na kusoma kwa sauti, mstari kwa mstari, huku akigusa kila swichi kwa kidole. Babu hakuwa na kadi. Mikono yake ilikwenda yenyewe, kama mikono ya mama anayesonga ugali. Sisi tuliona kusoma kule ni dalili ya mtu asiyejua kazi. Nikachukua kalamu. Sahihi yangu ilikuwa ya tatu.

Uongozi haukujibu. Kisha Babu akapanda presha, akakatazwa kurusha kwa wiki kadhaa, akawa anakaa ofisini kwenye redio. Kwa hiyo safari ya mwezi ule tulikwenda na binti, mimi, daktari wa macho na maboksi yetu.

Kwenda hakukuwa na shida. Wakati wa kurudi, alasiri, tulipokaribia nyumbani nikamsikia anasoma kadi yake. Alishusha wenzo wa magurudumu, tukasikia mlio wa kawaida chini yetu, kisha akaacha kusoma. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, pembeni yake. Pale mbele kuna taa ndogo ya kijani inayowaka magurudumu yakishajifunga. Siku hiyo haikuwaka. Alipandisha wenzo, akaushusha tena. Taa ikabaki imezimika.

Hakupiga kelele. Aliinua ndege, akaanza kuzunguka, akanionyesha mpini wa chuma uliokuwa sakafuni kati ya viti vyetu.

"Mama, shika hapa, pampu juu chini mpaka nikuambie uache. Hii inasukuma magurudumu kwa mkono."

Nikapampu. Mwanzoni mpini ulikuwa mgumu, baadaye ukalegea, ukawa unakwenda bila uzito wowote. Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akasema niendelee kidogo. Nyuma yetu daktari wa macho alikuwa anasali kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, maneno ambayo hata mama yangu aliyasali.

Binti aliita redio, akamwomba Babu atoke nje atazame. Tukapita chini chini juu ya kiwanja. Nilimwona mlinzi anafukuza mbuzi, na Babu amesimama na redio mdomoni, ameinua uso. Akasema gurudumu la mbele liko sawa, la kulia liko sawa, la kushoto linaning'inia nusu njia. Binti akajaribu kuyarudisha yote ndani ili atue kwa tumbo. Mawili yalikubali. La kushoto halikwenda juu wala chini, kwa hiyo kutua kwa tumbo hakukuwezekana.

Hapo wakabishana, kwa adabu. Babu alitaka twende Dodoma, kwenye lami na magari ya zimamoto. Binti alisema mafuta ya kufika yapo, lakini ya kufika na kuzunguka tena mambo yakiharibika hayapo, na chini ya njia nzima ni mawe na vichaka. Hapa kuna udongo, kuna shamba pembeni, na hospitali iko hatua chache. Babu akasema, "Wewe ndiye uliye juu. Amua."

Akaamua nyumbani. Akayashusha tena yale mawili, tukazunguka kupunguza mafuta. Alituagiza tuvue miwani na viatu, tutoe kalamu mifukoni, tukaze mikanda, tuweke makoti yetu mapajani na kuinamia hapo. Alinifundisha namna ya kufungua mlango. Akanitaka nirudie alichosema, nikakirudia mara mbili. Mimi ndiye ninayewaambia wanawake wasukume lini na wapumue lini, na nilishangaa jinsi nilivyotulia kwa kuambiwa tu la kufanya.

Tulitua kwa gurudumu la kulia. Bawa la kushoto alilishikilia hewani kwa muda ambao siwezi kuupima, akazima injini, mwendo ukapungua, na bawa likashuka polepole mpaka likagusa. Palikuwa na kelele ya bati linaloburutwa kwenye mawe. Ndege ikageuka, ikaacha kiwanja, ikaingia kwenye alizeti na kusimama. Nilifungua mlango kama nilivyofundishwa. Daktari wa macho alivunjika mfupa wa kifundo cha mkono, mimi nikajigonga goti. Binti alitoka wa mwisho, amebeba boksi langu la chanjo, akaenda kukaa chini mbali na ndege.

Mabishano yalianza kabla ya plasta kukauka. Hospitalini, kanisani, sokoni, kila mtu alikuwa na neno. Wapo waliosema binti ametuokoa. Wapo waliosema mzee angehisi tatizo mapema, tena asingeivunja ndege. Wakaguzi walikuja, wakafungua tumbo la ndege, wakakuta kipande cha chuma cha ule mguu wa kushoto kina ufa wa siku nyingi, mahali ambapo jicho halifiki, na bomba la mafuta ya kusukuma mguu huo limepasuka pembeni yake. Nilidhani hilo lingemaliza maneno. Daktari wa macho, mkono ukiwa kwenye plasta, akanijibu kwamba ufa haukuwa wa kutuua, cha kutuua kilikuwa kutua, na kutua ndiko kunakotaka uzoefu. Alikuwa na hoja.

Kikao cha uongozi kilituita wote. Katibu aliuliza kama binti aruhusiwe kuendelea au asubiri mpaka apate saa nyingi zaidi za kuruka, na mtu mmoja akauliza hizo saa atazipata wapi akiwa amekaa chini. Babu aliomba kusema.

"Mimi nimewahi kutua bila magurudumu, kwenye kiwanja kizuri, jua likiwaka. Hakuna kilichokuwa kimeharibika kwenye ndege. Nilisahau kuyashusha. Nilikuwa tayari na uzoefu wote huu mnaoutaka, ndiyo maana kadi sikuisoma."

Akaongeza kwamba yeye siku ile angekwenda Dodoma, na mpaka sasa hajui kama angekuwa sahihi. Kikao kikaamua binti aendelee, ila kwa miezi sita Babu akae pembeni yake.

Jioni ile nilimfuata nyumbani kwake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi kuhusu barua. Alinikaribisha, akanimiminia uji, nikamwambia kwa kifupi kwamba na mimi nilitia sahihi.

"Najua, mama. Niliisoma kabla ya safari ile. Ilikuwa wazi mezani kwa katibu."

Nikamuuliza ilikuwaje akaturusha na kutufundisha kwa upole vile, huku akijua. Akasema barua ile ilimuuma, akalia siku nzima, lakini juu kule hakuikumbuka hata mara moja, alikuwa na kazi. Kisha akasema angekuwa mimi, huenda naye angesaini. Nilimwomba radhi. Akaipokea, akaniuliza habari za goti.

Ndege ilipotengenezwa, aliturusha miaka miwili zaidi, kisha akapata kazi kwenye kampuni yenye ndege kubwa. Babu amestaafu, yuko Ikungi na mizinga yake ya nyuki. Sasa tuna ndege nyingine, magurudumu yake hayaingii ndani kabisa, yamefungwa nje muda wote. Rubani wetu wa leo ni kijana mwingine, na kabla hatujaruka huwa namsubiri amalize kusoma. Daktari wa macho hajapanda ndege tena. Bado tunabishana naye kila tukikaa kula, na hajawahi kunikubalia. Siku za mkoba anaondoka kwa gari siku moja kabla yetu, na tukifika Itigi tunamkuta ameshapanga meza, wazee wamekaa kwenye benchi, anawatazama macho.