Uzi wa Bluu

Mama Sindano hakuwahi kumwonea mumewe wivu mpaka asubuhi alipokuta kazi ya mkono wa mtu mwingine kwenye mpini wake.

Alikuwa fundi wa vifaa vya wale wanaosimama kwenye ubao wakavutwa majini na tiara kubwa. Mpini wa kuongozea tiara wenyewe huuita baa, na mumewe, aliyefundisha mchezo huo na kujulikana kwa jina la Mwalimu, aliwaaga majirani kila asubuhi kwamba anaenda kushika baa, nao hawakuchoka kucheka. Mkewe alibaki chumba cha mbele, kwenye meza yenye jiliwa la kubania vyuma, akiwafupishia mipini wenye mikono mifupi. Aling'oa pia kulabu za chuma kwenye mikanda ya kiunoni na kuweka kamba badala yake, ili pete ya mpini inayonasa hapo iteleze huku na huku na mwili ugeuke bila kukwama. Kamba hizo hakuzipiga fundo. Alisuka ncha zikaingia ndani kwa ndani, kisha akazishona kwa uzi mweusi, mishono midogo kama ufuta. Vifaa vya Mwalimu havikuwa vimeguswa na fundi mwingine tangu waoane.

Asubuhi hiyo alikuwa uani akivisuuza chumvi alipoona uzi wa bluu.

Kamba ya kiunoni ilikuwa mpya, ndefu kuliko aliyoiweka yeye. Kwenye kamba ya kati, ile ambayo mpini hupanda na kushuka juu yake, kizuizi kilikuwa kimesogezwa kuja mwilini, shubiri nzima. Na maungio, jamani, yalikuwa safi. Alitafuta kasoro kama mtu anayetafuta chawa, asiione. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Uzi huo aliujua. Ulikuwa wa fundi wa maturubai aliyehamia mtaa wa nyuma, mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye kicheko cha kuvuka ukuta.

Mwalimu alipokaa kunywa chai, mkewe akamtegea kwa sauti tamu.

"Mume wangu, vifaa vyako viko sawa?"

"Viko sawa kabisa."

"Hakuna kilichokatika?"

"Kikikatika si nitakuletea wewe?" Akapuliza chai, macho ukutani.

Basi moyo ukawaka. Alishona huku akimwona Mwalimu kwenye kigoda cha yule mwanamke, anachekeshwa, anaambiwa shika hapa, vuta hapa. Mara akajichoma kidole, mara akashona upande usio wake. Mdogo wake alipopita, alimweleza yote ili apozwe, akamwagiwa petroli.

"Dada, mwanamume hatoki kwa fundi wa ndani akaenda kwa fundi wa nje kwa ajili ya kamba tu."

Alasiri alivaa viatu vya kutokea, akaubeba ule mpini kwapani mpaka mtaa wa nyuma. Fundi wa maturubai alikuwa amepiga magoti juu ya turubai la lori, sindano mdomoni. Akaitoa.

"Karibu, dada. Umelegea? Nilimwambia ukilegea aurudishe."

"Haujalegea. Nataka kujua nani alikutuma ubomoe kazi yangu."

"Sijabomoa. Mpini ulikuwa unamwendea mbali, na lile bega halimruhusu kunyoosha mkono."

"Bega gani?"

Kicheko chote kilimtoka yule mwanamke usoni. "La kulia," akasema polepole. "Nilidhani unajua."

Laiti angefumania mapenzi, Mama Sindano angejua la kufanya. Matusi alikuwa nayo tayari. Lakini mgeni huyu alikuwa ameambiwa maumivu ya mumewe, na yeye anayelala ubavuni kwake, upande huo huo wa kulia, hakuambiwa. Tena kizuizi alikishika kwa mikono yake. Ungekuwa mpini wa mteja, angeuliza hapo hapo: mkono una nini? Wa mumewe, aliona uzi tu.

Hakuaga. Nyumbani alimkuta Mwalimu akianika nguo.

"Bega limeanza lini?"

"Nani kakwambia?"

"Yule uliyeona anafaa kuambiwa."

Mwalimu akashusha pumzi. "Ningekwambia, ungenifungia vifaa stoo."

"Ningevifungia, ndiyo!"

"Sasa unaona?"

"Na ulicheka naye?"

"Kidogo. Ana maneno yule."

"Vua shati."

Bega lilikuwa limevimba. Kesho yake alimpeleka hospitali mwenyewe, akaingia naye mpaka ndani kwa daktari ili safari hii asikie kwa masikio yake. Mwalimu akaamriwa kupumzika, akawa anafundishia ufukoni kwa kupaza sauti.

Siku hizo za kupumzika, Mama Sindano alifumua kazi yote ya bluu, akaisuka upya kwa mkono wake. Vipimo hakuvibadili. Alijaribu kuvisogeza, akaona havisogezeki. Mwenzake alikuwa amepatia.

Mwalimu aliporuhusiwa kurudi majini, mkewe alikwenda kusimama ufukoni. Mwalimu alienda, akageuka, akarudi amelowa, anatabasamu.

"Mpini unateleza vizuri sana."

"Kuliko alivyouweka yule?"

Mwalimu alitazama bahari, akatazama mchanga. "Mke wangu," akasema, "bega linaanza kuuma."

Kama ni kweli au ni kukwepa swali, Mama Sindano hakujua. Lakini safari hii aliyeambiwa ni yeye. Akampokea ubao, akatangulia mbele.