Mashine ya Agustina

Msinitulize. Kila nikimsikia mtu akisema wakulima wa hapa Tarime hawataki kubadilika, damu inanichemka. Aje aniulize mimi Mokami, jirani yake Agustina.

Agustina alipanda michungwa kwenye shamba la mumewe, Werema. Kiangazi kikiingia alishinda njia ya mtoni na ndoo kichwani, mpaka nywele za utosini zikamnyonyoka. Mwishowe akauza mbuzi wake, akanunua mashine ndogo ya kuvuta maji na mipira ya matone, ile yenye vitundu vya kudondosha maji taratibu kwenye shina. Watu wakamcheka. "Unamwagilia hiyo miti au unaitemea mate?" Akaendelea kutandaza mipira yake. Michungwa ikakubali, ikatoa maua, na maji ya mto yakawatosha hata wenye ng'ombe.

Kisha ikaja rashi ya dhahabu, kila mtu akakimbilia machimboni. Werema akaingia ubia kwenye duara, shimo la wachimbaji, na shimo lenyewe likajaa maji. Asubuhi moja akafika na wenzake, wakang'oa mashine, wakakunja mipira. Agustina akaikumbatia ile mashine, akamlilia mumewe.

"Baba Ghati, miti ina maua! Itakufa!"

"Machungwa gani? Kule kuna dhahabu!" Akamsukuma pembeni, wakaondoka nayo.

Tukaenda kwa mzee Machage, kaka mkubwa wa Werema, anayesikilizwa na ukoo mzima. Agustina akapiga goti, akatoa shikamoo, akaeleza. Mzee akacheka. Eti akacheka! "Wewe mwenyewe ulitolewa mahari ya ng'ombe. Mashine itakuwaje yako?" Nilitaka kumtukana pale pale, Agustina akanivuta mkono.

Akarudia ndoo. Siku tuliyokwenda machimboni kumwomba tena Werema, tuliikuta ile mipira imekatwakatwa, wamefungia magogo ya kuzuia udongo. Agustina alilia kwa hasira, nami nikalia naye. Maua yakapukutika yote.

Hapo ndipo bwana shamba akaitisha mkutano, akamleta mgeni wa mradi kutoka mjini. Mgeni akauliza kwa nini wakulima wa matunda hawatumii umwagiliaji wa matone. Werema akasimama na tope la duara miguuni. "Elimu, mheshimiwa. Hasa hawa akina mama, wagumu sana kuelewa."

Jamani! Kwetu mwanamke hamkatizi mumewe mbele za watu, lakini Agustina aliinuka. "Nimeelewa zamani! Mashine yangu iko shimoni kwako! Irudishe!"

Wazee wakaguna. Wanawake tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mgeni akampa pole, akaahidi kwamba mradi utaleta mashine nyingine mpya pamoja na mipira yake. Nikamkumbatia Agustina kwa furaha.

"Atakabidhiwa mwenye shamba," mgeni akasema. "Mwenye shamba ni nani?"

Werema akanyoosha mkono.