Kamba ya Mtamba wa Nyangi

Nyangi wa Nyamwaga alizaliwa na hasira, na mwaka 1956 akapewa sababu. Mumewe, Mogesi, alikamatwa kwa ng'ombe wa wizi ambao hata kwato zao hakuwahi kuziona, akawekwa mahabusu Tarime. Korti ikasema atatoka kwa dhamana ya shilingi mia mbili, akipata mdhamini mwenye mali.

Nje ya korti alishinda Simioni, ambaye kazi yake ilikuwa kudhamini watu.

"Mama Robi, lete mtamba," alimwambia Nyangi. "Jioni mzee yuko nyumbani."

Nyangi akampelekea mtamba wake wa pekee, aliyetegemewa kumpa mtoto wake Robi maziwa. Hakuumia sana. Kwa Wakurya, ndoa ikivunjika ng'ombe wa mahari hurudi. Basi na kesi ikiisha, mtamba atarudi. Ndivyo alivyolielewa neno dhamana. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Simioni hakusema uongo. Aliona mwenzake amekosea, akanyamaza, mlafi yule.

Mogesi alihudhuria kila tarehe, kesi ikafutwa. Kesho yake Nyangi akaenda na kamba.

"Yule alikuwa ada yangu," Simioni akasema. "Nimeshamuuza."

Nyangi akaingia kwa karani wa korti, Benedicto, akataka asomewe karatasi ya dhamana. Ng'ombe hakuandikwa humo. Mdhamini huahidi kulipa zile mia mbili mshtakiwa akitoroka. Asipotoroka, halipi hata senti. Simioni aliweka alama ya dole gumba tu.

"Hata shemeji yako angeweza," karani alisema. "Bure."

Shemeji alikuwa na ng'ombe thelathini, na hakuna aliyemwambia Nyangi amwombe.

Miezi minne baadaye Simioni alimvunja mtu jino kilabuni. Korti ikataka mdhamini. Wote aliowahi kuwadhamini wakatazama chini. Nyangi akamsukuma Mogesi mbele. Maksai wake wawili walitosha kumfanya mwenye mali.

"Nimdhamini huyu?" Mogesi akauliza.

"Weka dole. Akitaka kutoroka, atanikuta mlangoni."

Simioni akanong'ona, "Mnataka nini?"

Nyangi aliwageukia watu waliojaa nyuma yake.

"Mmeona? Ni dole tu. Bure."

Tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea Simioni ng'ombe. Nyangi alirudi Nyamwaga, akampikia Robi uji usio na maziwa, bado amekasirika.