Tyubu Iliyokamatwa kwa Zainabu

Kidonge cha mwisho Mwalimu Gladness alikimeza mwezi wa nane, juu ya chapati na parachichi, maana vidonge vile havikutaka tumbo lisilo na mafuta. Alikuwa amevimeza miezi minane. Midomo ilimpasuka, pua ikamtoka damu mbele ya darasa, na kila mwezi alitoa mkono apimwe damu kuona kama ini bado linastahimili. Alivumilia yote, kwa sababu chunusi za miaka kumi na tano zilikuwa zimemchosha kuliko dawa yenyewe.

Chunusi ziliondoka kweli. Ziliacha madoa meusi kwenye mashavu yote mawili, na ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, iliyochubuka kando ya pua na kuwaka kila ilipoguswa na jua.

"Sasa ndiyo kazi inaanza," daktari alimwambia siku ya kuagana. "Miezi sita usisugue, usichubue, usipake krimu yoyote ya kung'arisha. Sabuni laini, mafuta mazito, dawa ya kukinga jua kila asubuhi, na kofia. Madoa yatafifia yenyewe."

"Lini, daktari?"

"Polepole."

Neno hilo alirudi nalo nyumbani kwake Mtawanya ndani ya bajaji, na kila siku likawa zito zaidi. Jua la Mtwara si jua la kwao Mbeya. Alikuwa mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari mjini, na kazi yake ilimtaka asimame uwanjani asubuhi kukagua wasichana mstarini. Alisimama na kofia pana, uso uking'aa mafuta, akiwa amechoka kabla kengele ya kwanza haijalia.

"Mwalimu Gladi," Mwalimu Fredi wa jiografia alimtania ofisini, "umebangua korosho bila kupaka majivu? Hayo maji ya maganda yamekubabua."

Walimu walicheka. Gladness naye alicheka, kwa kuwa kununa kungechosha zaidi. Lakini alijua wanachonong'onezana: kwamba mwalimu wa malezi, anayehubiri kila Jumatatu dhidi ya mkorogo, anajichubua.

Ukaguzi ulikuwa na utaratibu wake. Kila Jumatatu alipekua mabegi, na krimu za kuchubua alizozikamata alizifungia kwenye kabati lake, kila moja na karatasi yenye jina la mwanafunzi, hadi mzazi aje ashuhudie ikichomwa. Funguo alikuwa nazo yeye peke yake. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi alikamata tyubu moja ya rangi ya waridi kwenye begi la Zainabu wa kidato cha nne. Zainabu, ambaye paji lake la uso lilikuwa limejaa chunusi, aliadhibiwa kufyeka nyasi wiki nzima, na baba yake akaandikiwa barua aje kutoka kijijini kwao Ziwani.

Wiki iliyofuata Gladness alifungua kabati atafute chaki. Tyubu ilikuwa pale, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inafuta madoa kwa siku saba. Aliisoma akiwa amesimama. Alijua kilichomo humo, kwa kuwa alikuwa akiwafundisha wasichana wa watu majina yake na madhara yake. Alijua pia kwamba miezi iliyobaki ni minne, na kwamba amechoka. Akaiweka kwenye mkoba.

Aliipaka jioni tatu baada ya kuoga, na kila asubuhi akairudisha kabatini. Jioni ya kwanza uso uliwasha. Ya pili ulivimba chini ya macho. Baada ya ya tatu ngozi ya shavu la kulia ilitoka pamoja na taulo, akaketi ukingoni mwa kitanda, hana hata nguvu ya kulia. Yaliyopona kwa miezi miwili yalikuwa yameharibika kwa siku tatu. Akarudia mafuta yake mazito, akafunga kabati, na kesho yake akasimama mstarini kama kawaida. Hakumwambia mtu.

Baba yake Zainabu alifika Alhamisi kwa bodaboda, suruali ina vumbi la shambani. Mama Upendo, mkuu wa shule, aliwaita wote ofisini kwake na kumwambia Gladness alete kielelezo.

Mzee aliipokea tyubu, akaigeuza mkononi. Ilikuwa imekunjwa kutoka chini.

"Zainabu," alisema, "mbona uliniambia hukuipaka?"

"Sikuipaka, baba. Walinikamata nayo haijafunguliwa hata kifuniko."

"Hii imetumika nusu. Mimi sijasoma, lakini macho ninayo."

"Wallahi, baba!"

"Usiape ofisini kwangu," mkuu wa shule alimkatiza. "Kosa la kwanza ni krimu, na hilo umeshalifyekea nyasi. La pili ni kusema uongo mbele ya mzazi. Utakwenda nyumbani wiki mbili."

"Mkuu, mtihani wa taifa ni mwezi ujao," msichana alisema.

Baba yake aliinamisha kichwa. "Nimeacha korosho zimedondoka chini, nimekuja kusikiliza uongo wa mwanangu. Haya. Tufunge mizigo."

Gladness alisimama karibu na dirisha. Hakuna aliyemtazama, na ndipo ilipokuwa hatari. Angenyamaza, jambo lingekwisha: uongo ungebaki wa mtoto, na yeye angebaki mwalimu. Alimtazama Zainabu, akaona kwamba msichana tayari ameacha kujitetea. Ameshajua kuwa neno la mwanafunzi halisimami mbele ya neno la kabati lililofungwa.

"Hasemi uongo," Gladness alisema. "Aliyeipaka ni mimi."



"Wewe, Mwalimu?" mkuu wa shule aliuliza.

"Mimi, mkuu. Jioni tatu. Niliichukua kabatini."

Mzee alimtazama shavu lile, kisha akatazama pembeni kwa adabu. "Basi mwanangu abaki shuleni," alisema. Alimgeukia Zainabu. "Nimekuita mwongo mbele za watu. Unisamehe, mwanangu."

Mkuu wa shule alinyoosha mkono, na Gladness akaweka funguo za kabati juu ya meza bila kuombwa mara mbili. Kazi ya malezi ingekwenda kwa mwalimu mwingine kuanzia Jumatatu. Barua ya onyo ingefuata. Hakubisha lolote. Mabega yalikuwa mazito, lakini huu ulikuwa uchovu wa aina nyingine.

Nje, kwenye baraza, Zainabu alimngoja baba yake asaini kitabu cha wageni. Gladness alipopita, msichana alisogea kumpisha, kisha akamwita kwa sauti ya chini.

"Mwalimu. Iliwasha?"

"Iliwasha sana."

Zainabu aligusa paji lake la uso kwa ncha ya kidole. "Na madoa, yalitoka hata kidogo?"

Gladness alivua kofia, akamgeuzia shavu aone vizuri kwenye mwanga.

"Hayakutoka," alisema. "Yameongezeka. Tazama."