Karibu, Achol

Jumamosi iliyopita nilienda ukumbi mmoja katikati ya jiji kutazama filamu ya vita vya nchi jirani. Taa zilipozimwa, akatokea mwanamke mwenye ndoo kichwani. Nilimjua. Alikuwa Achol. Nikangoja ajitaje, kama alivyojitaja siku zote za utoto wangu. Hakujitaja. Waandaaji walikuwa wamekata maneno yake.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, kwa nini damu ilinichemka.

Picha zile zilipigwa na jirani yetu, tulipokuwa tukikaa nyuma ya Adams Arcade. Watoto tulimwita Shosh wa Kamera, yaani nyanya wa kamera. Enzi ambazo wanawake wenzake walitarajiwa kuwapigia wakubwa taipu, yeye alitia kamera begani akaenda vitani, na hakuna mwanamke mtaani aliyekuwa amemtangulia. Akirudi alipitia Kenyatta Market, na harufu ya nyama choma iliyofungwa gazetini ndiyo iliyotuambia kwamba yu hai.

Jioni tulitundika shuka kwenye kamba ya nguo, tukalilowesha kidogo lisipeperuke. Projekta ilinguruma kama cherehani.

"Nyinyi! Nani amefunga hiyo shuka? Mtu wangu ana kichwa kama kiazi!" Shosh alifoka. Tulicheka hadi chai ikamwagika.

Alikuwa na sharti moja: hakumpiga mtu picha kabla mtu huyo hajataja jina lake mbele ya kamera. "Mimi ni Achol, wa kisima cha juu." "Mimi ni Deng, fundi wa baiskeli." Sisi tuliamini ni wageni wetu, tukawaitikia kwa pamoja: "Karibu, Achol! Karibu, Deng!" Wazazi walitucheka. Shosh hakucheka.

"Waitikieni," alisema. "Huko wanaitwa wakimbizi tu."

Jumamosi hiyo, filamu ilipokwisha, nilimwendea kijana aliyeandaa onyesho.

"Tulikata kidogo tu, madam," alisema. "Majina yanaboesha watu."

"Na jina la aliyepiga picha?"

"Hapo tuliandika 'picha za maktaba'."

Picha za maktaba! Kana kwamba kamera ilijibeba yenyewe ikavuka mpaka, ikalala handakini, ikaumwa malaria, kisha ikarudi nyumbani na nyama kwenye gazeti! Shosh amekufa, hawezi kuwajibu. Wakamfanyia yeye kile alichokataa kuwafanyia wengine.

Nilikata tiketi ya onyesho la pili, nikakaa safu ya mbele. Achol alipotokea na ndoo yake, nikapaza sauti: "Karibu, Achol!"

Watu wakageuka. Mmoja akasonya. "Aki huyu naye!"

Nyumba ile ya Shosh imebomolewa, uani pale pameegeshwa magari, na wenzangu wa shuka lile sijui waliko. Hata hivyo nilitega sikio, labda mmoja wao yumo gizani aitikie nami. Hakuna.

Mlinzi alipokuja kunitoa nilikuwa nimefika kwa Deng. Watu wa Shosh waliobaki niliwakaribisha kwa majina kwenye ngazi, nikishuka, kwa sauti kubwa.