Wewe Hujaapa

Mume wangu ni fundi viatu, na kwa zamu ni mfafanuzi wa Maandiko. Kazi zote mbili zinamchosha, ila viatu angalau havimwulizi maswali.

Kikundi chetu cha sala hukutana Jumapili alasiri, nyumba kwa nyumba. Tunasoma sura kwa sura, haturuki hata zile orodha ndefu za majina, na mwenye nyumba ndiye hufafanua. Basi sura ya Daudi akiwa kitandani, akimwachia Sulemani maagizo ya mwisho, ikaangukia kwetu, miezi mitatu tu baada ya kumzika baba mkwe.

Baba mkwe naye aliacha maagizo. Nilikuwa pembeni ya kitanda na bilauri ya maji, nikasikia yote. Zamani, biashara ilipoanguka, alitoka karakana akisukuma zana zake kwenye toroli, na mfanyakazi wake mwenyewe, huyu tunayemwita Mzee Soli, akamfuata akimtukana hadi kona ya barabara. Mambo yalipotengemaa, Soli akaja kuomba radhi. Baba mkwe akamrudisha kazini, akamwapia mbele ya watu kwamba hatamfukuza kamwe, na kwa miaka ishirini na miwili hakumfukuza. Sasa, pumzi zikimwishia, akamshika mwanawe mkono.

"Mimi niliapa. Wewe hujaapa. Una akili, unajua la kufanya."

Ndivyo Daudi alivyomwachia Sulemani yule Shimei, aliyemlaani njiani na kumrushia mawe, naye akamwapia kwamba hatamwua.

Tangu hapo mume wangu hapati usingizi. Soli amepita sabini, mkono unamtetemeka, na soli anazoshona yeye, mume wangu huzifumua kisirisiri na kuzishona upya. Na wifi yangu kila akipita lazima achokonoe: "Huyu bado yupo tu? Baba alisemaje?" Nimemchoka, Mungu anisamehe.

Jumamosi nikamwuliza mume wangu, "Kesho utasemaje?"

"Sijui. Wote wanasema Daudi alikuwa anaulinda ufalme."

"Na wewe unaonaje?"

"Naona nimechoka, mke wangu."

Kwenye kikundi, ambamo Soli na wifi nao wamo, kusoma huzunguka, kila mtu mstari mmoja, kwa kufuata viti. Mimi kwa ujinga wangu nilipanga viti bila kuhesabu. Agizo la Shimei likamwangukia Mzee Soli mwenyewe. Akavaa miwani, akasoma polepole, mpaka pale mfalme anapotaka mvi za yule mzee zishuke kaburini na damu. Hakukwama hata neno moja. Wifi akakohoa.

Mume wangu akasimama.

"Watu husema hii ni hekima ya kifalme. Mimi ufalme siuoni hapa. Namwona mgonjwa aliyeshindwa kusamehe, akatafuta wa kumtwika. Baba yangu nilimpenda sana. Lakini na yeye alisamehe kwa mdomo tu." Akamgeukia mzee. "Mzee Soli, na mimi naapa mbele ya hawa. Benchi lako ni lako mpaka utakapolichoka mwenyewe."

Wifi akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Mimi nami sikufurahi, niseme ukweli. Niliiona miaka mingine ya kufumua soli. Mzee Soli akakunja miwani.

"Asante, mwanangu," akasema, basi.

Jumatatu asubuhi akaja na ule mfuko wake mzito begani. Siku zote nilidhani ni nguo za kazi. Akatoa nyundo, kisu, koleo na shazia zake za kushonea, akavipanga kimoja kimoja kwenye droo ya benchi. Nikamwuliza vilikuwa wapi.

"Nyumbani, mama. Tangu mazishi nabeba kila jioni, nalala navyo. Nilisema, nisije nikafika asubuhi nikakuta kufuli jipya, na zana zangu ziko ndani."

Jioni aliondoka mikono mitupu. Nikalia, nikasingizia gundi.